Mkono wa Maestro

Nilifika Lubumbashi juu ya magunia ya samaki wakavu. Nilikuwa nimetoka Kalemie kwa boti la mizigo hadi Moba, Moba hadi Pweto kwa lori la saruji, na Pweto nikapanda lori la mtu aliyejisifu kwamba anaijua ile barabara kama uwanja wa mama yake. Alikwama mara kadhaa kabla ya Kasomeno. Hapo Kasomeno tulikaa siku mbili. Tuliambiwa springi imevunjika, lakini kila jioni dereva alioga, akajipaka mafuta, akapotea upande wa soko, na asubuhi hakuna aliyethubutu kumuuliza habari ya springi. Mimi sikuwa na haraka. Miaka ile nilikuwa mtu wa kwenda, kufika hakukunihusu sana. Nilikuwa na diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki, suruali mbili, na kikohozi cha vumbi kilichonishika tangu Pweto.

Kikohozi hicho ndicho kilichonipa nyumba. Mchuuzi mmoja alinielekeza Makomeno, kwenye uwanja wenye chumba cha kupangisha nyuma. Nilipiga hodi, nikafungua mdomo nisalimu, na badala ya salamu kikatoka kikohozi. Mlango ukafunguliwa na mwanaume mfupi, mnene, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni na kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

"Kohoako tena," aliniambia.

Nikakohoa. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akageuka akamwita mke wake aliyekuwa ndani.

"Mama, ule muntu wa jana umuambie nyumba ya nyuma iko na mwenyewe. Huyu ni besi."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba yeye ni wa parokia, basi. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na watu wote walimwita Maestro, kuanzia padri mpaka mama aliyeuza bitoyo, wale samaki wa chumvi, kwenye kona yetu. Nilikaa nyuma ya nyumba yake miaka mingi kuliko niliyokaa mahali pengine popote. Nilipaka rangi vibao vya maduka, nikalinda ghala, nikauza kadi za simu, nikaacha kila kazi mara tu ilipoanza kunizoea. Kwaya sikuiacha. Jumamosi ikifika nilijikuta kwenye safu ya besi, pembeni kabisa, karibu na mkono wake wa kulia.

Kwake mtu alikuwa pumzi kwanza, mambo mengine baadaye. Aliweza kumsikiliza mgeni akiongea dakika moja, na mgeni akishaondoka akasema huyu anapumulia mabegani, huyu anapumua kama anayeiba. Mazoezi yetu hayakuanza kwa kuimba. Yalianza kwa kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuizuia, wakati yeye anapita katikati ya safu akipiga mdundo kwa kidole hewani na kutazama nani amepasuka. "Pumua mbele," alisema kila Jumamosi, akimaanisha kabla. "Kisha, utakuwa umesha kuchelewa." Tulimwigiza nje kwenye ngazi, na yeye alijua.

Jambo la pili lilikuwa mkono. Maestro alipenda kimya katikati ya wimbo kuliko wimbo wenyewe. Aliinua mkono wa kushoto, kwaya ikakatika kama kamba, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia mpaka mkono ushuke. Ungeweza kusahau maneno, ungeweza kuja umelewa, hayo aliyasamehe. Lakini aliyeingia mkono ukiwa bado juu alileta ndoo nzima ya munkoyo Jumamosi iliyofuata, na wote wakanywa kinywaji chake huku wakimcheka. Hata mtoto wa ubatizo wa padri alilipa. Mimi sikuwahi kulipa. Mimi walinicheka kwa jambo lingine. Siku moja nilipougua malaria walikuja kunitazama, wakaona begi langu chini ya kitanda limefungwa tayari, na tangu siku hiyo jina langu kwaya nzima likawa Valizi, yaani begi la safari.

"Valizi, treni yako saa ngapi?" waliniuliza kila nilipochelewa.

Maestro peke yake aliniita Besi.

Kuhusu chakula alikuwa mwongo mtupu. Alitukataza karanga kabla ya kuimba, alitukataza maji ya baridi, alitukataza pilipili. Yeye alikula nyama ya ngulube, yaani nguruwe, pamoja na ngozi yake, mafuta yanamtiririka kidevuni, akasema mafuta yanalainisha koo la mwalimu, koo la mwanafunzi bado halijafika hapo. Muziki wa redio aliuita kelele za kopo. Lakini chumba changu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa tofali moja, na alfajiri nilimsikia akiimba polepole pamoja na rumba za zamani, sauti ya pili, bila kukosea. Aliweza kufokea watu hamsini mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nyumbani aliomba ruhusa ya kufunga dirisha.

Mama, mke wake, alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na jicho. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Ungepita mbele yake na kitu mfukoni, angejua ni kitu gani. Maestro alimwogopa kwa namna ambayo mtu humwogopa mtu anayempenda, na kwa sababu hiyo alimdanganya kwa mambo madogo kila siku. Makasu, zile kokwa chungu za kola, kwa mfano. Mama hakupenda atafune makasu kwa sababu yalitia meno rangi. Maestro aliyaita dawa ya sauti, akanituma mimi kuyanunua kwa mama wa bitoyo, akayaficha ndani ya kinanda cha zamani kilichokuwa sebuleni, chini ya kifuniko.

Sasa nifike kwenye ile Pasaka.

Tulikuwa juu kwenye roshani ya kwaya, katikati ya Utukufu, kanisa limejaa mpaka nje. Akainua mkono wa kushoto kwa ajili ya kimya tulichokifahamu, kimya kifupi cha pumzi moja. Mkono ukabaki juu. Tukangoja. Mkono bado uko juu. Pikipiki ilisikika mbali kwenye lami, mtoto mmoja chini akaomba maji, mama yake akamziba mdomo. Hakuna aliyethubutu kuingia. Kisha mkono ukashuka, na tukaingia wote kwa pamoja, na nikaona watu chini wanajipangusa machozi.

Baada ya misa padri alisema hajapata kusikia kimya kama kile. Wazee walipanda ngazi kuja kumshika mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na wakati wa kile kimya nilikuwa nimeona mkono wake wa kulia, ule ambao watu wa chini hawakuuona. Ulikuwa umeshika chuma cha roshani, na vidole vilikuwa vyeupe. Nami nikajipanga kwenye mstari wa kumpongeza. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, baridi kama chupa.

"Iko baridi humu kanisani," alisema.

Hakukuwa na baridi.

Ilichukua majuma ndipo akaniambia. Alisema akipanda ngazi za roshani anasikia kama mtu amemwekea kabati kifuani, akisimama kabati linaondoka. Binti yake aliye Ulaya alikuwa amemsikia akihema kwenye simu, akamsumbua mpaka akakubali kwenda kwa daktari, na daktari akaamua apigwe picha ya moyo kwa mashine kubwa ya kliniki moja mjini. Mama aliambiwa ni picha ya mapafu, mambo ya sauti. Mimi niliombwa nimsindikize.

Walimwambia asinywe kahawa wala chai tangu siku iliyotangulia. Alitii, na njia nzima ndani ya taksi alijisifu jinsi alivyotii, huku akitafuna makasu niliyomnunulia asubuhi ile. Wala yeye wala mimi hatukufikiri lolote. Kwa mwimbaji wa kwetu makasu hayahesabiwi kuwa kitu cha kula wala cha kunywa. Ni kama kuchana nywele kabla ya kutoka.

Muuguzi alimpima mapigo, akakunja uso, akapima tena.

"Papa, ulikunywa kahawa?"

"Hata tone."

Akamwambia afungue mdomo. Meno yalikuwa mekundu kama tofali.

"Na hii?"

"Hii ni dawa ya sauti," alijibu Maestro kwa heshima zote.

Yule muuguzi alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akatueleza kwamba moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu, mishipa haionekani, na kwamba makasu yanafanya kazi ileile ya kahawa. Akampa kidonge cha kupunguza mbio za moyo, akatuweka kwenye benchi tungoje utulie.

Ni kwenye benchi lile alipoanza kuongea juu ya sikukuu ya parokia. Ilikuwa imebaki miezi miwili. Alikuwa na wimbo ambao alikuwa ameutengeneza kwa miaka, wenye vimya vitatu, na hakuwahi kupata kwaya ya kuubeba. Sasa alikuwa nayo.

"Besi," alisema, "kile mashine itasema, kinabakia kati yetu mpaka fete ipite. Mama akijua, famii yote itajua. Batatoka kule kaskazini, batatandika mikeka mu parsela, batanilia mbele nife. Unajua vile banafanya. Mugonjwa haiko muntu tena. Iko kintu ya famii."

Nilijua. Kwa watu wao ugonjwa si wa mgonjwa. Ndugu wanakaa, wanauchukua, wanauamulia. Mgonjwa anakaa ndani akisikia sauti zao ukutani.

"Unaniahidi?"

Nikamwahidi upesi, kama mtu anayekubali kumshikia mwenzake mzigo dakika moja. Nilidhani picha itatoka safi.

Mapigo yalipotulia walimlaza kwenye mashine, wakamfunga nyaya kifuani, mikono wakaiweka juu ya kichwa. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo na fundi. Walimpiga kwanza picha ya haraka ya kuona chokaa kwenye mishipa, kisha wakamwingiza mkononi dawa inayofanya mishipa ing'ae. Mashine ikaongea kwa Kifaransa: vuta pumzi, zuia. Maestro akavuta pumzi mpaka tumboni, vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala pale, na juu ya kichwa chake kidole kikaanza kupiga mdundo.

"Papa, usitikise mukono," alisema fundi kwenye kipaza sauti.

"Sitikise. Nahesabu."

"Mashine inahesabu yenyewe."

"Inahesabu mubaya. Inaanza mbele watu bapumue."

Fundi akanigeukia akaniuliza huyu mzee ni nani. Nikamwambia. Akanisogezea kipaza sauti, akaniomba nimwambie mimi, kwa lugha yake. Niliinama nikasema, "Maestro, ni kimya." Kidole kikasimama. Hakikutikisika mpaka mwisho. Alipotoka alilalamika tu kwamba ile dawa ilimpitisha moto mwili mzima na alidhani amejikojolea kama mtoto wa darasa la kwanza.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa umri wangu, asiyepoteza maneno. Maestro alinitambulisha kwake kuwa mutoto yake, na daktari akaelekeza maelezo yake kwangu, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika. Kwenye skrini moyo wake ulikuwa wa kijivu, ukigeuzwa kila upande kama embe sokoni. Juu ya mishipa kulikuwa na madoa meupe. Daktari alisema hiyo ni chokaa, mafuta ya siku nyingi yaliyogeuka jiwe, na kwa umri huu aliitegemea.

"Kama mu birika ya Mama," alisema Maestro. Maji ya Lubumbashi yana chokaa, na kila birika la mji huu lina ganda jeupe ndani.

Daktari akasema ndiyo, lakini si chokaa inayomtisha. Akasogeza picha mpaka mwanzoni mwa mshipa mkubwa wa mbele. Hapo kulikuwa na sehemu iliyovimba kwa ndani, ya rangi ya giza, na damu iliyong'aa ilipita pembeni yake ikiwa uzi mwembamba. Chokaa ni ngumu, imekaa, alieleza. Hii ni laini. Laini inaweza kupasuka siku yoyote, na ikipasuka mshipa unaziba.

"Basi ile ngumu siyo mubaya," alisema Maestro, kama mwanafunzi.

"Ile laini njo mubaya zaidi, Papa."

Alitaka aanze dawa siku hiyohiyo, aache ngazi, aache kuongoza kwaya, na asafiri haraka Afrika ya Kusini wakampanue mshipa kwa kirija kidogo cha waya. Maestro akauliza kama inaweza kungoja miezi miwili. Daktari alimtazama, akanitazama mimi.

"Inaweza kungoja," alisema. "Inaweza pia isingoje. Miye sitamujibia."

Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa amepika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Aliuliza mapafu vipi, na Maestro akajibu kwamba mapafu ni ya kijana. Hakudanganya hata neno.

Dawa zilikaa chumbani kwangu. Kila asubuhi aligonga, akaketi kitandani kwangu juu ya begi, akameza vidonge vyake kwa maji ya bilauri yangu. Asubuhi zile alinieleza mambo ambayo nadhani hakuwahi kumweleza mtu. Alikuwa anaogopa. Hakuogopa kufa, alisema. Aliogopa kushushwa ngazi za roshani akiwa hai na mtu mwingine kupanda. Nami nilikaa pale kwenye kigoda, nimefurahi. Hilo ndilo linaloniudhi nikilikumbuka. Nilikuwa mtu wa arubaini na kitu ambaye hakuwahi kuaminiwa na yeyote kwa zaidi ya msimu mmoja, na mzee huyu alikuwa ameweka moyo wake mikononi mwangu, na niliufurahia uzito wake. Nilikuwa nikimwangalia anavyozidi kukonda usoni huku nikijisikia mtu wa maana.

Ngazi hakuacha. Kwaya hakuacha. Ngulube aliacha, na ndicho kilichomshtua Mama.

Jumamosi moja, majuma matatu kabla ya sikukuu, tulikuwa kwenye kimya cha pili cha wimbo wake. Mkono wa kushoto ulipanda, tukakatika. Nikatazama mkono wa kulia. Ulikuwa umeshika chuma. Mkono wa juu ukabaki, ukabaki. Safu nzima ilikuwa inang'aa kwa furaha, kwa kuwa wote walidhani wanakipata tena kile kimya cha Pasaka. Mimi niliona ile sehemu ya giza kwenye skrini na ule uzi mwembamba unaopita pembeni.

Nikaingia. Niliimba noti yangu peke yangu, kwa sauti yote, mkono ukiwa juu.

Kwaya ililipuka kwa kicheko. Mtu wa safu ya tenori alipiga kelele kwamba Valizi ameondoka mbele ya treni, soprano wakaanza kudai munkoyo. Maestro alishusha mkono taratibu, akaketi kwenye kigoda, akanitazama. Nilingoja anifokee. Angenifokea, labda ningenyamaza mpaka mwisho. Alisema tu tuanze tena pale mwanzo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba samahani.

Jioni ile nilimkuta Mama uani akikwangua birika kwa kijiko. Vipande vyeupe vilikuwa vinaanguka kwenye sahani. Hakuinua macho.

"Mutoto yangu," alisema, "ile foto ilionyesha nini?"

Nikamwambia ni mapafu.

"Wanaume wawili munakunywa dawa mu nyumba yangu, na bilauri nasafisha miye. Nakuuliza mara moja. Sitakuuliza tena."

Nilimwambia yote. Nilimwonyesha hata kwa kidole changu kifuani mwangu mahali mshipa ulipobanwa. Aliendelea kukwangua mpaka nilipomaliza, kisha akaweka birika chini, akajipangusa mikono, akaingia ndani kutafuta simu.

Ndugu walikuja kama Maestro alivyosema watakuja. Dada yake mkubwa alifika wa kwanza, kisha wajomba, kisha watu ambao hata Mama alilazimika kuwauliza majina. Mikeka ilitandikwa uani mbele ya mlango wangu. Baraza lilikaa mchana kutwa, na mgonjwa alikuwa ndani, dirisha limefungwa. Dada yake mkubwa ndiye aliyeongoza mazungumzo. Alimgeukia Mama mbele ya wote, akamuuliza ni mwanamke wa namna gani anayelala na mume na hajui kwamba mume anakunywa dawa, mpaka habari inaletwa na mpangaji. Mama aliinamisha kichwa, yeye ambaye hakuna kilichompita. Sikuwa nimefikiri juu ya hilo hata kidogo nilipokuwa namwambia. Nilidhani namtua mzigo, kumbe nilikuwa namkabidhi aibu aibebe mbele ya wakwe zake.

Mimi walinishukuru. Walinipa kiti cha mgongo, wakanipa paja la kuku. Dada mkubwa akasema Mungu alikuwa amemleta mtoto huyu kutoka Kalemie kwa kazi hiyo. Nilikula lile paja. Kupitia dirisha lililofungwa nilisikia Maestro anakohoa, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba sauti yake mwenyewe ilikuwa besi.

Walimpeleka uwanja wa ndege juma lile la sikukuu. Padri alikuwa amekubaliana na ndugu, na msaidizi wa Maestro alipanda roshani badala yake. Wimbo tuliimba. Tuliuimba vizuri, watu walipiga makofi. Vile vimya vitatu msaidizi alivifupisha, kwa sababu hakuwa na uhakika tutangoja, na hatukungoja.

Kule walimpanua mshipa, wakamwekea virija viwili. Alirudi amekonda, ngozi ya shingo inaning'inia, na alikuwa hai. Niliambiwa na binti yake kwa simu kwamba daktari wa kule alishangaa jinsi alivyofika kwa wakati. Alilia, akaniita kaka. Miezi michache baadaye daktari wetu wa mjini alimruhusu kupanda ngazi, akamruhusu kuongoza akitaka. Hakutaka. Kwaya ilituma watu kumwomba, akawapokea vizuri, akawapa soda, akazungumza nao juu ya mvua. Kinanda alikiacha kimefungwa. Alfajiri nilikuwa nikilala na sikio ukutani, na redio ilikuwa ikiimba peke yake.

Hakuwahi kunigombeza. Kodi ilipokelewa, salamu ilijibiwa, chakula nilipelekewa kama zamani. Kitu kimoja tu kilibadilika. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kwake nilimsalimu uani, naye akaniitikia, "Habari ya asubuhi, Monsieur." Tangu siku hiyo nikawa Monsieur. Mama alimsikia, akanitazama, akaingia jikoni. Yeye pia alikuwa hajasema lolote juu ya siku ile ya mikeka, na sikuthubutu kumwomba radhi, kwa kuwa ningeanza radhi hiyo wapi? Kwamba nilimficha, au kwamba nilimwambia?

Kuna siku nilijaribu kuongea na Maestro. Nilimkuta ameketi mlangoni, nikachuchumaa, nikamwambia kwamba ningerudia, ningefanya vilevile. Alitikisa kichwa kukubali.

"Najua, Monsieur. Nakupumulia shukrani kila siku," alisema. "Lakini ungeningojako."

Sikuelewa kama alimaanisha sikukuu, au ile Jumamosi ya mazoezi, au ile jioni ya birika. Sikumuuliza.

Niliondoka mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, vumbi likiwa bado limelala. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusindikiza mizigo upande wa Kolwezi na mbele zaidi, na nilijua sitarudi. Watu wa kwaya walikuwa wamenicheka siku iliyotangulia, wakisema mwishowe Valizi amepata treni yake. Mama alinifungia vitumbua kwenye karatasi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akauachia.

Maestro alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Pikipiki iliyokuja kunichukua ilikuwa inanguruma nje ya geti. Niliweka begi chini, nikavuta pumzi nianze kuaga, na vumbi la msimu likanishika. Nikakohoa.

Aliinamisha kichwa kusikiliza, kama siku ile ya kwanza. Nilingoja. Nilitaka aniite kwa lile jina, mara moja tu, na nadhani aliona kwamba nalitaka. Mdomo wake ulifunguka. Halafu badala ya neno akainua mkono wa kushoto, polepole, mpaka juu ya bega.

Nikakatika. Mwili ulitii wenyewe. Nilisimama pale uani na pumzi yangu imejaa tumboni, nikitazama mkono wake, na uani pakawa kimya namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu Pasaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti, haukushika kitu. Uso wake ulikuwa mtulivu. Angeweza kuushikilia mkono ule asubuhi nzima.

Mwenye pikipiki akapiga honi. Akapiga tena, akaita kwamba lori halitangoja.

Niliokota begi langu. Nilivuka geti, nikapanda, na kwenye kona ya mama wa bitoyo nikageuka kutazama. Mkono wake ulikuwa bado juu.